Mkunazi wa Kisimani

Siyu, kisiwani Pate
Jumatano, baada ya sala ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakushika miguu kutoka huku kaskazini kabisa mwa pwani, na marahaba yako nimeshaisikia kabla hujaitamka. Goti lako je? Ile dawa ya kupaka niliyokuletea unaipaka, au umempa shangazi kama ulivyompa ya kwanza? Kifua cha Kaka Hamisi kimetulia? Mwambie aache kuvuta sigara ndipo alalamike kuhusu vumbi. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Nakula, sina homa, hata nimenenepa kidogo mashavuni. Ila moyo, Mama, moyo haujatulia, na ndiyo sababu umepata barua badala ya simu. Nikikupigia simu unaiweka sauti ya juu, ua mzima unakuja kunisalimia, mpaka muuza mihogo. Haya ninayotaka kukuambia si ya ua mzima. Barua hii nampa mwalimu mmoja wa hapa anayeteremka Mombasa, naye atamkabidhi dereva wetu wa Lunga Lunga. Isome peke yako kwanza, ukimaliza utaamua mwenyewe nani aambiwe.

Umeniuliza mara nyingi, "Mishi, kazi gani hiyo ya kupiga majani picha?" nami nikakujibu kwa mzaha kwamba nimekuwa mpiga picha wa harusi za miti. Leo nakueleza vizuri, maana bila hivyo hutaelewa yaliyonifika.

Mradi wetu ni wa chuo kikuu kimoja cha bara. Mkubwa wetu ni Daktari Mutiso, si daktari wa watu, ni wa mimea. Yeye anakaa Lamu mjini, huku anakuja akipata nafasi, na kazi ya kila siku ni yangu. Nachuma majani, nayaloweka kwenye dawa kali inayokula nyama yote ya jani likabaki mishipa peke yake. Mishipa hiyo naitia rangi nyekundu, nalitandaza jani juu ya sanduku la taa, napiga picha. Picha inaingia kwenye kompyuta, na humo mna programu inayofuata kila mshipa, mkubwa kwa mdogo, inapima urefu na unene wake, na inapima vile vitundu vinavyobaki katikati ya mishipa, kama macho ya wavu wa Kaka. Na usidhani programu yenyewe ni malaika. Uzi wa kanga ukiangukia jani, inauhesabu nao kuwa ni mshipa! Kazi yangu ni kukaa nikifuta takataka moja moja mpaka shingo inakaza.

Na kwa nini mishipa? Kwa sababu jani linapochipua, mti unalitengeneza kulingana na maji uliyo nayo. Maji yakiwa mazuri unatoa jani pana, mishipa imeachana. Mti ukiwa na kiu, au maji yakiwa ya chumvi, unatoa jani dogo na mishipa inabanana. Jani likishakomaa halibadiliki tena. Kwa hiyo ukipata majani ya zamani na majani mapya ya mti mmoja, ukayalaza pamoja juu ya taa, unaona mti ulikuwa unakunywa nini wakati ule na unakunywa nini sasa.

Sasa sikiliza. Daktari Mutiso alichagua miti kadhaa hapa Siyu, na mmojawapo, huo ulionitia matatani, ni mkunazi. Alisema jani la mkunazi lina mishipa mitatu mikubwa inayotoka pamoja shinani, ukishaondoa yale manyoya meupe ya upande wa chini picha inatoka safi. Halafu mti wenyewe umesimama pembeni mwa kisima tunachoteka sisi wa mtaa huu, mizizi imeingia huko huko chini kwenye maji. Kwake yeye mkunazi ni mti wa matunda, basi. Wewe hapo umeshashtuka, najua.

Mimi sikushtuka, Mama, na hilo nimelitoa kwako. Mtoto wa mwosha maiti atashtushwa na nini? Wenzangu walipokuwa wakitwanga kisamvu mimi nilikuwa nakutwangia majani ya mkunazi ya kuoshea maiti, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani. Nimeyachuma, nimeyapeta, nimeyakoroga kwenye beseni lako la bati mpaka yakatoa povu. Kwangu ni majani kama mchicha. Basi siku ya kwanza nikatoka baada ya sala ya alfajiri, maana jani linatakiwa kabla jua halijalipiga, nikajifunga kanga kichwani, kapu mkononi, nikaanza kuchuma kama ninavyochuma kwetu. Wanawake waliokuwa kisimani walinitazama wakanyamaza. Nikawasalimu, wakaitikia kwa sauti ya chini. Nikadhani Siyu watu wanaona haya.

Nilipitia miti mingine, nikarudi nyumbani jua limeshatoka. Loo! Nikakuta daka la nyumba, pale penye baraza za mlangoni, limejaa mabuibui meusi, bibi mmoja ameshaleta ubani na kijiko cha makaa, mwingine analia kabisa kwa sauti, na katikati yao Bi Mwana Esha, mwenye nyumba wangu, ameshika mwiko anawaapia kwamba kwake hakuna aliyekufa. Wakamuuliza, "Basi mgeni wako yuwachuma mkunazi wa nani?" Kumbe hapa, mtu akionekana anachuma mkunazi alfajiri, hakuna wa kuuliza kama pana maiti. Unatua ndoo yako, unakwenda kuvaa buibui.

Tulicheka siku ile, wallahi tulicheka. Bi Mwana Esha aliwakaangia mahamri wakala msiba wao usio na maiti. Lakini yule aliyeleta ubani, Bi Zena, jirani wa mlango wa pili, hakucheka. Alinishika kiganja akaniambia, "Mwanangu, majani hayo hayachumwi bure. Ukiyachuma hayana mwenyewe, yatamtaka mwenyewe." Nikamwambia inshallah kheri. Ningemwambia nini, Mama? Ajuza yule, na mimi mgeni. Nikaendelea na kazi yangu, kila mara alfajiri, na kila mara wanawake wa kisimani wakinyamaza nikipita.

Nikuelezee na Rukia, maana yeye ndiye moyo wa habari hii. Rukia ni binti wa pekee wa Bi Mwana Esha. Mumewe anafanya kazi Malindi, na mimba yake hii ni ya kwanza, kwa hiyo akarudi kwa mamake kujifungua kama ilivyo ada ya huku, na kama ilivyo ada yetu. Nilimpenda siku ile ile aliyofika. Ana mdomo, anacheka mpaka anashika ukuta. Alikuwa akija chumbani kwangu kutazama picha kwenye kompyuta, na ile mishipa myekundu ilimpendeza hasa. Akaniambia, "Dada Mishi, nikitoka arubaini utanichora hina ya jani hili hili, kuanzia vidoleni mpaka kwenye ugoko." Nikamwambia mimi kuchora sijui, kufuta ndiko ninakojua. Tukawa kama dada na dada.

Nilipokuwa na picha za kutosha, Daktari Mutiso akaniletea majani ya zamani ya mti ule ule, aliyoyachuma mwenyewe mradi ulipoanza, yamekaushwa katikati ya karatasi. Nikayaloweka, nikayatia rangi, nikayalaza juu ya taa pamoja na mapya. Mama, nilidhani nimechanganya miti. Nikafuta picha zote nikaanza upya. Bado. Nikadhani programu imekosea, nikachukua rula nikapima kwa mkono wangu juu ya kioo. Bado. Majani mapya yalikuwa madogo, mishipa imebanana mpaka yale macho ya wavu yamekuwa ya kudaka uduvi. Nikatazama miti mingine. Ya upande wa mashamba haikubadilika. Iliyobadilika ni ile iliyo karibu na kisima chetu, na kadiri unavyosogea kwenye hori linaloingiza maji ya bahari ndivyo inavyozidi kubanana.

Nikatoka pale mezani nikaenda kisimani. Maji yale nimeyanywa tangu nifike, ulimi umeshazoea, kwa hiyo nikasukutua kwanza kwa maji ya chupa niliyoletewa kutoka Lamu, ndipo nikaonja ya kisima. Chumvi. Si ya kutema, hapana, lakini chumvi ipo, tena ya kukaa kooni. Na ndiyo hayo tunayoyanywa, kwa sababu jabia, lile birika kubwa la kukinga maji ya mvua, limekauka mpaka watoto wanachezea ndani yake. Nilisimama pale nikaogopa, sikufichi. Niliutazama mti ule na majani yake yanayong'aa, mtu mwingine angeuona mzima kabisa.

Nikamwambia Bi Mwana Esha siku hiyo hiyo. Akanitazama kama mtu anayemsikiliza mtoto. Akasema, "Mai haya tumezawa nayo, Mishi. Mamangu aliyanwa, nyanyangu aliyanwa. Huo mkunazi ndio ulokwambia?" Nikasema ndiyo, ndio ulioniambia. Akaguna, akarudi jikoni. Nikapanda darini penye mtandao nikampigia Daktari Mutiso. Yeye hakunicheka, alinisikiliza vizuri. Kisha akasema kwa upole wake ule, "Mishi, umefanya kazi nzuri. Lakini msimu mmoja hautoshi. Tukiwatisha watu kisha ikawa ni ukame tu wa mwaka huu, hawatatusikiliza tena. Subiri, ongeza sampuli, usiseme na watu mpaka ripoti itoke." Nikamuuliza ripoti itatoka lini. Akasema baada ya misimu mingine.

Rukia hakuwa na misimu mingine. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Kwanza tulimtania kwamba anavaa viatu vya mumewe. Kisha ukambonyeza ugokoni kidole kinaingia, shimo linabaki. Kisha uso. Asubuhi akiamka macho yamekuwa membamba, na kichwa kinamgonga, akajifunga kitambaa kwenye paji. Na mimi kila nikimwona akishika kikombe natamani nimpokonye. Nilianza kumpa maji yangu ya chupa kwa siri, mpaka Bi Mwana Esha akatukuta akakasirika, akaniuliza kama nyumba yake imekuwa haina maji ya kumpa mwanawe.

Nikambembeleza Rukia twende zahanati, tukadanganya kwamba tunakwenda kununua ndimu. Sista pale anaitwa Kavata, msichana wa Kitui, mkali lakini ana roho safi. Alimpima presha, akarudia mara ya pili. Mama, unawajua watu wa hospitali, wakirudia kupima ndipo uogope. Akampima na mkojo. Kisha akanivuta nje akaniambia, "Mimi siwezi kukuambia ni maji, na siwezi kukuambia si maji. Presha ya mimba inakuja hata kwa mwenye maji matamu. Lakini huyu na chumvi wasikutane. Na aende Lamu hospitali leo. Leo, si kesho."

Tukarudi, na Kavata akaja nyuma yetu mwenyewe, na mashine yake ya presha kwenye mfuko. Akamweleza Bi Mwana Esha yote, polepole, kwa adabu. Bi Mwana Esha akakataa katakata. Mtoto wa kwanza hazaliwi ugenini. Yeye amezaa wote kwenye chumba kile kile, mkunga yupo, mafuta yapo, kitanda kimeshatandikwa. Rukia akisafirishwa na tumbo hilo, juu ya pikipiki na ndani ya boti, akifia njiani nani ataulizwa? Kavata akamwambia, "Mama, akikaa hapa pia utaulizwa." Hilo likamuudhi zaidi.

Na wanawake walishaanza kuingia. Sijui nani aliwaambia, Siyu hakuna haja ya kuambiwa. Bi Zena akaketi mbele ya Rukia, akamtazama uso ule uliovimba, akaanza kutikisa kichwa. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani, "Si niliwambia? Majani yachumwa, yachumwa, na maiti hakuna. Sasa yameona mja mzito." Macho yote yakanigeukia. Mama, sijawahi kutazamwa hivyo maishani. Si chuki, ningejua la kufanya na chuki. Walinitazama kwa woga.

Nikajitetea. Nikasema ni maji, kisima kimeingiwa na chumvi, hata mti umeonyesha. Wakanijibu wote kwa pamoja kwamba mti gani huo, si huo huo mkunazi? Nikaleta kompyuta, nikawaonyesha picha, jani la zamani na jani jipya. Hilo ndilo lililoharibu kabisa. Waliona mishipa myekundu imesambaa kwenye kioo, mmoja akaziba macho, mwingine akasoma Ayatul Kursi kwa nguvu. Bi Zena akasema, "Angalieni, ameyatia na damu." Rangi, Mama! Rangi ya chupani! Nani angenisikiliza?

Rukia alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho. Akasema anaona vimulimuli. Kavata akanitazama, akanong'ona kwamba tukichelewa atapata kifafa cha mimba, na hapa hana uwezo nacho. Ndipo Bi Mwana Esha akasimama mbele yangu, machozi yanamtoka, akanishika mabega yote mawili. "Mishi, wewe ni mtoto wa watu, nimekulaza kwangu. Niambie kweli mbele ya Mngu. Ni mai au ni majani? Kama ni mai, twanwa sote, na wazee wetu wamenwa, mbona hatukufa? Takaa nae hapa hapa. Kama ni majani, sema."

Nilimwelewa, Mama. Nikisema maji, Rukia anabaki; nikisema majani, atakimbizwa mbali na mti. Nikatazama wale wanawake, nikatazama mlango, nikasema, "Ni majani. Ni mimi. Mtoeni Rukia hapa, mvusheni bahari, mti usimfikie. Na mimi naapa sitachuma tena."

Hakuna aliyebishana hata kidogo. Ule ukaidi wote wa Bi Mwana Esha uliyeyuka hapo hapo. Yeye mwenyewe ndiye aliyefunga kanga za Rukia kwenye mfuko, yeye ndiye aliyemtuma mtu kuita pikipiki. Hori lilikuwa limetoka maji, tope tupu, hakuna chombo cha kuingia, kwa hiyo wakamchukua kwa njia ya nchi kavu mpaka Mtangawanda kupanda boti ya abiria. Alikaa katikati ya dereva na Kavata, Kavata amemkumbatia kwa nyuma. Kabla hawajaondoka Rukia alinishika mkono, mkono umevimba mpaka pete imezama. Akaniuliza, "Dada Mishi, kweli ni wewe?" Nikamwambia, "Nenda, mpenzi, nenda tu." Sikumjibu, na mpaka leo sijamjibu.

Kifafa kilimshika ndani ya boti. Kavata alikuwa na sindano ya kumtuliza, akamdunga huku wanaume wamewapa mgongo na wanawake wamewazungushia kanga. Hospitalini alipasuliwa siku hiyo hiyo. Amezaa mtoto wa kike, mdogo kama kitumbua, bado analelewa hospitalini kwenye joto. Wote wawili wako hai, alhamdulillahi, alhamdulillahi. Habari ilipofika nililia mpaka nikakosa sauti.

Lakini ngoja, Mama. Nyumba ilijaa tena wanawake, safari hii wa furaha, na wote wanasema neno moja: mmeona, alipovuka bahari tu, akapona. Bi Zena alinibusu kichwa. Wameniletea halua. Wamenisamehe! Wanasema nilikuwa mgeni, sikujua, na kwamba nimekuwa muungwana kwa kukiri. Halua ile sijaigusa.

Nilijaribu kuyarudisha maneno yangu. Nilimsubiri Bi Mwana Esha atulie, nikamketisha, nikamwambia kwamba nilisema vile kwa sababu ya Rukia tu, kwamba ni maji, na kwamba yanazidi. Akaniangalia kwa huzuni. "Waanza tena, Mishi? Juzi wasema majani kwa kinwa chako, mbele ya watu na Mngu. Leo mai. Kesho utasema samaki." Nikaenda kwa mzee wa mtaa, naye amesikia kwamba nilikiri. Nikampigia Daktari Mutiso, akasema amesikitika sana kwa mgonjwa, kisha akauliza sampuli za mwezi huu ziko wapi. Nikamwambia nimeapa. Akasema basi, mti ule tuutoe kwenye utafiti, hautakuwa na maana ukiwa na pengo. Mimi nahamishiwa Mkokoni, ng'ambo huko, nikapige picha majani ya mikoko. Naondoka wiki ijayo. Kwa hiyo hapa hakuna atakayechuma, hakuna atakayepima, na kisima kiko vile vile.

Ndiyo nikaona nikuandikie wewe. Wewe umeosha watu tangu sijazaliwa. Umeyashika majani hayo kuliko mtu yeyote ninayemjua, na umezaa watoto na kuwalea na harufu yake mikononi. Nakuomba, Mama, kaa uandike kwa mkono wako barua kwa Bi Mwana Esha. Mwambie wewe ni nani na kazi yako ni gani. Mwambie majani hayamtaki mtu. Mimi hawanisikii tena, lakini mwosha watamsikia. Kisha mwambie habari ya maji, wasiwape wajawazito, wawatafutie ya mvua au ya Lamu. Fanya haraka. Na kwenye karatasi nyingine niambie mimi, kwa ukweli wako ule usio na sukari: nilikosea? Nilichokisema kilimtoa Rukia mlangoni. Ningefanyaje?

Nisalimie Kaka Hamisi, na wifi yangu Mwanahalima, mwambie ile kanga nimeipata, rangi ni hiyo hiyo aliyoitaka. Nisalimie shangazi na goti lake, maana dawa najua iko kwake. Binamu yangu Juma, fundi wa mashine za boti, mpe hongera ya mtoto. Na mjomba, yule anayekuja kwetu kila saa ya chakula, msalimie pia, asije akasema nimemsahau.

Mimi bintiyo ninayekuombea afya na macho mema ya kusomea,
Mishi

Mama, nilikuwa nimeshaukunja waraka huu, naufungua tena. Sasa hivi kabla ya magharibi ameingia mtaani mjukuu wa Bi Zena, jina lake Salma, ametoka kwa mumewe Lamu. Ni mimba yake ya kwanza, tumbo limeshatangulia mbele, amekuja kujifungua kwao. Wanawake wote wametoka kumpokea, na mimi nimetoka. Bibi yake alimketisha hapo hapo kisimani kwa uchovu wa njia, akamwambia, "Uuone mti ule usiuwogope, mjukuu wangu. Yaliokuwapo yamekwisha, hauchumwi tena." Kisha akateka maji akampa kwa kata. Nikafungua mdomo. Bi Mwana Esha akanikazia macho, na wote wakanigeukia vile vile kama siku ile, nami nikaufunga. Salma akanywa yote, akarudisha kata, akaomba aongezewe.